Kakuma Inarukwa

6 Januari

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa kwamba feni ya ofisi yetu hapa Lodwar, iliyolitumikia taifa kwa uaminifu tangu enzi za mkubwa aliyepita, imeaga dunia leo asubuhi baada ya kuugua kikohozi cha vumbi kwa muda mrefu. Imeacha wafiwa watatu: Bwana Nanok ambaye ndiye mkubwa wetu wa sasa, mimi Ethuro, na friji, ambayo nayo haina siku nyingi. Mazishi yanasubiri saini.

Hiyo ndiyo habari kubwa. Ndogo ni kwamba nimeanza kuandika. Mke wangu Asekon amechoka kusimuliwa vumbi kila jioni anaposuka mikeka yake. Amesema niandike mahali, amwachie Mungu asome.

Basi, Mungu, kazi yangu unaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya wengine. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kaunti ikaniazima, ikasahau kunirudisha. Siku nzima nakaa mbele ya kompyuta nikitazama picha zinazopigwa na setilaiti kutoka juu, natafuta moshi na vumbi. Katika picha hizo vumbi huonekana rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto asiye na meno. Nchi yenye hewa safi huwa samawati. Nikiona waridi inavuka ziwa kuja kwetu naandika onyo, Nanok anatia saini, onyo linakwenda kwa machifu, shule na zahanati. Pale mtaani Nawoitorong wananiita Mzee wa Vumbi. Kuna waliopewa majina mabaya zaidi.

9 Januari

Mbuzi wa Kaikor ametutia aibu. Mradi wetu wa vumbi, unaolipiwa na wafadhili, ulitupa visanduku vitatu vya kupimia hewa ya chini, ili tunachokiona juu tukihakikishe ardhini. Kimoja kiko juu ya paa letu. Cha pili tulikiweka kwenye shule kule Kaikor, na mbuzi ametafuna waya, kisha akakiangusha, kisha, kwa maelezo ya mwalimu mkuu, akakilalia.

Wafadhili wamepiga simu. Nanok alinisomea mimi kana kwamba mbuzi ni wangu. Kikiharibika kingine, amesema, mradi unafungwa na mimi narudi kufundisha mito ya Kanada. Cha tatu kinakwenda Kakuma, na mwenye kukipokea aapishwe.

15 Januari

Kakuma, kwa gari la ofisi. Makalio yangu yatakuwa na malalamiko ya wiki.

Tumekiweka kisanduku kwa Aluel, mama wa Kidinka kutoka pande za Bor, mwenye kibanda cha chai na mandazi ndani ya kambi ya wakimbizi. Alichaguliwa kwa sababu ana paneli ya sola na mtandao unashika pale. Pia jirani yake ni Barnabé wa Kongo, fundi wa simu ambaye hakuna waya umewahi kumshinda. Paa la kibanda ni la bati na linaunguza, kwa hiyo tulikifunga kwenye nguzo kando ya mlango, kimo cha mtu.

Kuna sababu nyingine ambayo sikumwambia Nanok. Aluel ana binti, Yar, wa darasa la pili, na Yar ana pumu. Vumbi likija shuleni hukosa pumzi. Mwaka jana alibebwa kwenda zahanati mara nyingi hadi wauguzi wakamjua kwa jina la utani. Mama mtu aliuliza swali moja tu kabla ya kukubali sanduku letu: mimi nikiona vumbi kutoka juu, naweza kumwambia kabla mtoto hajaenda shule? Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Tumepatana hivi: kila asubuhi atanipigia, nitatazama picha, nitampa neno moja, mpeleke au mkalishe. Siku ya kumkalisha nyumbani, dawa yake ya kupuliza ipo karibu, ndani ya kikombe juu ya kabati. Ni moja tu, haiendi shule ovyo ikapotea.

Nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho kikatokea kimbunga kidogo, vile vinavyozungukazunguka sokoni kama mlevi anayetafuta njia ya kwake. Sijawahi kuona mikono kama ya wanawake wa pale. Kabla sijafumba macho Aluel alikuwa amefunika sukari, mandazi, mtungi wa maji na kichanga cha jirani kilicholala mkekani, kila kimoja kwa kitambaa chake. Niliyebaki wazi ni mimi. Nikala mchanga, akacheka.

Kisha nikatoa hotuba niliyoagizwa. Nikamwambia sanduku hili ni la thamani kuliko mimi na suruali yangu, likiharibika mradi umekwisha, kwa hiyo alitunze kama mtoto wake.

"Mtoto yangu anakohoa," akasema Aluel. "Hii haikohoi?"

"Hiki kikikohoa, Mama Yar, mimi na wewe tumekwisha."

Tulicheka sana. Alinipa mandazi ya njiani na hakutaka hela.

16 Januari

Simu ya kwanza. Samawati. Mpeleke.

17 Januari

Mpeleke.

20 Januari

Yar ameigundua kazi yangu. Mama akimaliza kuzungumza, mtoto anamnyang'anya simu na kuuliza: "Babu wa Vumbi, leo rangi gani?" Nikisema samawati anapiga kelele. Anapenda shule, na mimi sikuwahi kufundisha mtoto wa namna hiyo katika miaka yangu yote ya jiografia.

Nimemweleza Nanok kwamba nimepewa cheo cha babu. Amesema hakina marupurupu.

24 Januari

Leo ni moshi. Upande wa Sudan Kusini picha imejaa vitone vyekundu, kila kitone ni moto. Wanachoma nyasi kavu ili majani mapya ya ng'ombe yachipue. Moshi wenyewe umelala juu ya nchi kama blanketi la mgonjwa, lakini upepo wetu unatoka ziwani na unausukuma huko huko, hautufikii.

Nilimwambia Aluel kwa mazungumzo tu. Nikasikia akiweka birika chini. Kisha akauliza kama naona kwao. Nikatazama pande za Bor, nikasema naona moto, mwingi.

"Basi iko mtu ya kuwasha," akasema.

Mume wake, Mayen, alibaki na ng'ombe. Aluel ana mwaka na zaidi hajasikia sauti yake. Tangu leo, nikimaliza kumpa neno la Yar, namtajia na mioto ya kwao. Si kazi yangu na haimo kwenye mpango wa kazi. Naitenda kwa bidii kuliko iliyomo.

3 Februari

Upepo.

4 Februari

Upepo tena. Feni bado haijazikwa. Imekaa kwenye kona ikitazama mlango.

6 Februari

Waridi ya kwanza ya kweli. Asubuhi ilikuwa inavuka ziwa kwa mstari mpana, na ilipofika saa ya simu ilikuwa imekwisha kutufunika sisi na inaelekea Kakuma. Nikasema mkalishe. Nikaandika onyo, Nanok akalitia saini akiwa amesimama, jambo la kihistoria. Shule zote za kambini zikafungwa.

Lodwar tulikula vumbi hadi chai ikawa uji. Mchana nikafungua namba za kisanduku cha Kakuma ili nione mavuno ya onyo langu. Hewa safi. Mstari umelala chini kabisa, kama maji ya mtungini. Nikampigia Aluel. Amesema vumbi lilikuwa baya, hata mlango wa jirani hauonekani. Nikamwambia namba zinasema hakuna kitu. Akasema yeye hajui namba, lakini iko mchanga kwa meno yake.

Nanok amepigiwa simu na mtu wa elimu aliyetazama namba zile zile kwenye tovuti, akauliza kwa nini tumefunga shule zake kwa sababu ya vumbi lisilokuwepo. Nimeitwa. Nimesimama. Nimeketi.

11 Februari

Waridi. Mkalishe. Kisanduku: hewa safi.

Aluel: vumbi lilikuwepo.

Mwalimu wa Yar amelalamika kwamba mtoto amekosa majaribio ya hesabu. Yar alichukua simu akasema rangi ya waridi haina adabu.

13 Februari

Nimeketi na picha zote tangu tufunge kisanduku Kakuma. Kila waridi, nzito au hafifu, inapopita juu ya Kakuma, kisanduku kinasema chini ni safi. Kila mara, bila kukosa. Siku ambazo hakuna upepo ndipo kinapoonyesha vumbi kidogo na moshi wa jikoni. Hili si jambo la bahati. Jambo linalojirudia hivi lina sababu yake, na mwalimu wa jiografia anapoona sababu inamwita hujisikia kijana.

Nadhani ni milima ya Pelekech, iliyo nyuma ya kambi. Upepo ukiikaribia unapanda, unabeba vumbi lake, unaruka juu ya kambi na kwenda kulitupa mbele. Tukitazama kutoka juu tunaona waridi na tunaogopa, kumbe vumbi liko angani, halijagusa mtu.

Nimemwambia Nanok. Mara ya kwanza tangu tufahamiane amevua miwani ili anisikilize. Akasema: "Kwa hiyo Kakuma inarukwa."

14 Februari

Nimemweleza Aluel nadharia yangu, kwa upole, kama unavyomweleza mzazi kwamba mwanawe si wa kwanza darasani. Nikasema anachokiona ni vumbi la barabarani, malori yale, na moshi wa mkaa wake mwenyewe.

"Mzee, mimi najua moshi yangu," akasema.

Nikamtania kwamba wanawake wa Kakuma wanafunika vitu hata hewa ikiwa nzuri, ni mazoea ya mikono. Akacheka, lakini kidogo.

18 Februari

Waridi hafifu. Kisanduku safi. Nimesema mpeleke. Jioni Yar alikuwa na kikohozi. Barnabé amesema kambini wote wanakohoa, ni msimu.

19 Februari

Kikohozi kimepungua. Mpeleke.

25 Februari

Nanok amekwenda Nairobi kwenye wakshopu na slaidi zangu. Jina langu liko kwenye ya mwisho, kwa herufi za ukubwa wa chawa, lakini lipo. Amenipigia kusema wafadhili wamesimama. Sikuuliza kama walisimama kupiga makofi au kwenda chai.

Mradi unaongezewa miaka miwili.

26 Februari

Asekon ameninunulia shati. Amewaambia wanawake wa Nawoitorong kwamba ameolewa na profesa bila mahari kuongezwa. Wazee wenzangu wamenipa kiti chenye mgongo. Longor, anayeuza dawa za mifugo na hajawahi kuniamini hata ninapomwambia saa, aliniuliza mbele za watu kama na Lodwar inaweza kurukwa. Nikasema tutaona.

Nisiwe mwongo kwenye daftari langu mwenyewe: ni tamu.

4 Machi

Utaratibu mpya, umetiwa saini. Onyo la vumbi kwa Kakuma halitatoka kwa picha peke yake. Lazima kisanduku kithibitishe. Nimeuandika mimi, Kiingereza chake ni kizuri.

Kaskazini hakuna mioto tena, nyasi zimekwisha. Aluel aliuliza, nikamwambia nchi yao yote imepoa. Akasema sasa wanangoja mvua, sawa na sisi.

7 Machi

Waridi. Safi. Mpeleke. Aluel alianza kusema kitu kuhusu upepo, nikamwambia kwa mzaha kwamba sasa anabishana na kitu ambacho hata Nairobi wamekipigia makofi.

Hakuendelea.

10 Machi

Joto la kuyeyusha mishumaa. Friji imeifuata feni. Rambirambi zipelekwe kwa Nanok.

14 Machi

Vumbi Kakuma. Barnabé amepiga simu mchana.

Sitaandika leo.

15 Machi

Yar amefariki.

17 Machi

Ofisini. Nanok amefunga mlango, kitu asichokifanya kwa sababu ya joto. Amesema ni msiba mkubwa, na ni kweli alikuwa na macho mekundu. Amesema vilevile wafadhili wanauliza, maana zahanati ilipokea watu wengi siku ile, watoto kwa wazee, na namba za kisanduku chetu zilisema hewa ya Kakuma ni safi kuliko ya baharini. Niende nikalete kisanduku kikaguliwe.

18 Machi

Sikwenda. Nimesema gari halina tairi. Lina tairi nne na la akiba.

20 Machi

Kakuma, kwenda na kurudi.

25 Machi

Mvua ya kwanza. Vumbi lote limelala. Picha ni samawati kutoka ziwani hadi mpakani, nzuri kama kalenda.

Nimeandika ripoti. Inasema: *Tarehe 14 Machi mtambo wa Kakuma ulipata hitilafu ya kiufundi iliyosababisha usomaji usio sahihi. Mtambo umeondolewa. Nadharia ya kurukwa kwa Kakuma inahitaji uchunguzi zaidi.* Nanok ameisoma mara mbili, akasema imekaa vizuri. Akaweka mkono wake begani mwangu, akauacha hapo.

29 Machi

Asekon ameniuliza kwa nini sivai lile shati. Nikasema linabana. Akasema sijajaribu hata kulitoa kwenye karatasi yake. Nimetoka nje nimekuja kuketi hapa, nami nitaandika mambo yalivyokuwa, kwa sababu kwenye ripoti hayamo.

Asubuhi ya tarehe 14 Aluel alipiga kabla ya saa yake. Alisema upepo unanuka udongo na Barnabé hajafungua duka. Aliuliza, nimpeleke?

Picha ilikuwa wazi mbele yangu. Haikuwa na wingu hata moja. Waridi ilianza ng'ambo ya ziwa ikapita juu ya vichwa vyetu Lodwar, na ncha yake ilikuwa inaanza kuigusa Kakuma, chini ya Pelekech. Ilikuwa waridi iliyokolea ambayo nilikuwa sijaiona msimu wote. Nje ya dirisha langu mwenyewe mti wa uani ulikuwa umepotea. Nikafungua ukurasa wa pili, nikatazama mstari wa kisanduku. Ulikuwa umelala chini, safi.

Niliwaza, na hili nalikumbuka vizuri: hii itakuwa slaidi nzuri sana. Vumbi zito kuliko yote juu, na chini hakuna kitu.

Nikasema mpeleke.

Aluel hakubisha. Angeweza kunikatalia. Lakini msimu mzima alikuwa ananiambia na mimi nilikuwa namcheka, na mtu akichekwa vya kutosha huacha kusema. Kisha Yar akachukua simu akauliza leo rangi gani.

Nilikuwa natazama rangi yenyewe. Nikamwambia samawati.

Hayo ndiyo niliyomwambia. Kwenye ripoti hakuna mahali pa kuyaandika.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Barnabé. Ukuta wa vumbi uliingia kambini watoto wakiwa uwanjani kwa mazoezi, kwa sababu hakuna shule iliyopata onyo. Onyo halikutoka kwa kuwa kisanduku hakikuthibitisha, na utaratibu niliuandika mimi. Walimu waliwakusanya kwa kushikana mikono. Yar alikuwa ameanza kuvuta pumzi kwa shida kabla ya kufika darasani. Dawa ya kupuliza ilikuwa nyumbani, ndani ya kikombe, maana siku za mpeleke dawa haiendi. Barnabé alikimbia kuileta akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Aliponipigia alikuwa analia. "Muzee, mutoto iko mubaya, na njia hatuione," alisema. Walimfikisha zahanati. Wale wauguzi wanaomjua kwa jina la utani walifanya kila kitu. Akalala usiku mmoja.

Tarehe 20 nilikwenda. Njiani nilijipangia maneno, nikayapoteza yote pale nilipoona viti vya matanga. Akina mama wa kanisa walikuwa wanaimba kwa Kidinka, polepole, kama wanaosukuma kitu kizito. Nikasema ejok, salamu yetu, kwa Mturkana mmoja aliyekuwa mlangoni, hakuniitikia. Huenda hakunisikia.

Upepo ulikuwa unavuma siku ile pia, si mkubwa. Nilizunguka kando ya kibanda kwenda kwenye nguzo, na kisanduku sikukiona.

Kilikuwa kimefunikwa. Kwa milaya, mojawapo ya yale mashuka ambayo wanawake wa kwao hutarizi kwa miezi, la kitanda cha heshima, lenye ndege wawili wekundu wanaotazamana. Nakumbuka kuwaona ndege wale siku tulipofunga kisanduku, Aluel alikuwa anawamalizia kati ya mteja na mteja. Shuka lilikuwa limekunjwa mara mbili, limezungushwa, likafungwa chini kwa utepe, na lilikuwa na unyevu. Alikuwa amelilowesha ili vumbi lisipenye.

Hata wakati wa matanga kuna mtu alikuwa ametoka, upepo ulipoanza, akalifunika sanduku la serikali.

Nikaugusa utepe, nikauacha. Aluel alikuja. Amekonda. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za Asekon. Nikaonyesha nguzo kwa kidole.

"Kila upepo ikikuja nafunika," akasema. "Tangu ile siku ya kwanza. Ulisema nitunze."

Kila upepo. Kila siku ya waridi. Na ukitulia, anafunua. Milima ya Pelekech haikuhusika na lolote. Nadharia yangu yote, makofi ya Nairobi, miaka miwili ya mradi, kiti chenye mgongo, ni huyu mama na shuka lake bora, akilinda kitu alichokabidhiwa, kama anavyolinda sukari, maji na kichanga cha jirani. Nilimwona akifanya hivyo siku ya kwanza. Nilikuwa nimesimama pale pale na mchanga mdomoni, nikamsifu.

Nilijua kwamba nikimweleza kwa nini kisanduku kilisema hewa ni safi, nitamwachia shuka lile alibebe maisha yake yote. Nisipomweleza, nitakuwa nimejificha nyuma ya huruma. Nikachagua kusema lililo langu. Nikamwambia, Mama Yar, mwezi mzima ulikuwa unanipigia unaniambia vumbi lipo, na siku ile nilikuwa naliona kwa macho yangu. Nilijua. Nikamwambia mtoto samawati. Kosa si la mtu mwingine.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka akatazama nguzo, akatazama shuka, kwa muda mrefu. Aluel si mjinga. Mtu anayejua moshi wake mwenyewe, anajua. Sikumwambia habari ya shuka, lakini sidhani kwamba hakuielewa.

Akafungua utepe. Akalivua shuka taratibu, akalikung'uta mara moja, vumbi likatoka kama limepigwa, likatuingia sisi wawili machoni na puani. Hakukohoa. Mimi nilikohoa. Akalikunja shuka kwa ndani, ndege wakajificha. Barnabé alitoka na bisibisi, akafungua skrubu bila kunitazama.

Kisanduku kilikuwa cheupe pe, kama siku tulipokitoa kwenye katoni. Aluel alikifuta kwa kiganja chake, juu na pembeni, akaniwekea mikononi kwa mikono yake miwili.

"Chukua mtoto yenu," akasema. "Hajakohoa hata siku moja."